Deni Ambalo Sitaki Kusamehewa

Likizo ya marafiki wawili haina daftari mpaka zibaki siku mbili. Kabla ya hapo mmoja analipa chai, mwingine analipa bodaboda, anayekumbuka ananunua maji ya kunywa, na hakuna anayeuliza. Zikishabaki siku mbili, kila mmoja anaanza kuangalia salio kwenye simu. Mmoja anasema ameshiba wakati hajala. Mwingine anauliza, kwa sauti ya kawaida kupita kiasi, kama tiketi ya boti ya kurudi inakatwa leo au kesho. Hapo ndipo linapoingia swali lililokuwa linasubiri nje siku zote za mwanzo: kati ya marafiki, nani anamdai nani, na deni hilo lifanywe nini?

Swali hili haliwahusu wenye likizo peke yao. Linamhusu kila aliyekaa dawati moja na mtu, wakagawana andazi moja, halafu miaka 10 baadaye mmoja ana mshahara na mwingine ana msimu. Ila likizo hulifanya lionekane, kwa sababu likizo ina mwisho unaojulikana tarehe yake, na watu wakiona mwisho hupenda kufunga hesabu.

Mimi lilinikuta Jambiani, mashariki ya Unguja, mwezi wa tisa, nilipokwenda kukaa siku 6 na rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza. Sote wawili ni wa Ifakara. Yeye alibaki Dar es Salaam baada ya chuo; ni mhasibu. Mimi nilirudi nyumbani. Nalima mpunga ekari 3 ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Minepa, na mjini nina kibanda cha kutoa kopi. Safari ilikuwa wazo lake. Boti alilipa yeye, chumba alilipa yeye. Mimi nilikuja na kikapu cha mchele wa kwetu, kilo 10, kwa sababu mtu wa bonde letu haendi ugenini mikono mitupu, na kwa sababu mchele ndio kitu pekee nilichokuwa nacho kingi kuliko yeye. Tulipofika nilimkabidhi mama mwenye nyumba tuliyofikia. Alifungua, akainamisha uso ndani ya kikapu, akavuta pumzi. Wazanzibari wanakula wali kila siku, lakini sehemu kubwa ya mchele wao hutoka nje kwa meli, na mchele unaonukia wanaujua.

Usiku wa nne nilimwomba rafiki yangu aniambie jumla.

“Jumla ya nini?”

“Ya boti na chumba. Nataka kujua nusu yangu ni kiasi gani.”

“Shoga, achana na hayo. Mimi nimeshasahau.”

“Sitaki usahau.”

Alicheka, kisha akaona sicheki. “Una hela ya kunilipa?”

“Sina.”

“Sasa?”

Sasa ndiyo ilikuwa ngumu kujibu. Tuliibeba siku mbili zote zilizobaki, ufukweni na mezani. Hatukugombana, ila kila mmoja aliona mwenzake hajamwelewa. Msimamo wake ulikuwa rahisi kuusema: kati ya marafiki hakuna deni, na anayehesabu amegeuza urafiki biashara. Mhasibu huyo alikuwa anakataa kuhesabu. Msimamo wangu ulikuwa mgumu kuusema: deni lipo, siwezi kulilipa leo, na sitaki lifutwe.

Najua wengi wangekuwa upande wake. Sisi ni watu wa “usijali”, wa “hamna shida”, wa “mimi na wewe tena?” Maneno hayo ni mazuri. Lakini tazama yanafanya kazi gani. Anayesema “nimekusamehe” anaondoka akiwa mtoaji. Anayesamehewa anabaki mpokeaji, na mlango ambao angepitia kurudisha umefungwa kwa upole. Msamaha wa deni una mwelekeo: kwa kawaida hushuka. Mzazi humsamehe mtoto, tajiri humsamehe maskini. Mwaka 2001 nchi yetu ilifutiwa sehemu ya madeni yake ya nje chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Ulikuwa unafuu wa kweli. Lakini ili uingie kwenye mpango huo, ilibidi kwanza uandikwe kwenye orodha ya maskini. Rafiki anayenifutia deni langu bila kuniuliza ameniandika kwenye orodha fulani, hata kama kalamu yake ni ya upendo.

Na watu hawakai vizuri kwenye orodha hiyo. Tulisoma na msichana mmoja ambaye mama yake aliugua sana. Tulichanga, wenye uwezo wakatoa zaidi, na mama akapona. Kila mara alipotaka kuzungumzia zile hela tulimwambia aache, hatudaiani. Alianza kuchelewa kujibu ujumbe. Kisha akatoka kwenye kundi letu la WhatsApp. Mara ya mwisho nilimwona sokoni Ifakara, akanisalimia kama mtu anayesalimia ofisa. Hakuna aliyemkosea. Marafiki wengi tunaowapoteza ukubwani hatuwapotezi kwa ugomvi. Tunawapoteza kwa msaada. Hilo ndilo lililokuwa linanitisha Jambiani.

Wahenga walilijua jambo hili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa kwa utani, kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini nadhani ina huruma ndani yake kuliko tunavyodhani. Anayekupa jembe siku ya tatu anakutoa kwenye ugeni. Anakwambia: hapa unaweza kutoa pia. Siku mbili za kwanza ulikuwa mtu wa kuhudumiwa. Kuanzia leo wewe ni mtu wa nyumba hii. Kutopewa jembe kabisa, siku ya tatu, ya nne, ya kumi, ni kuambiwa kwamba mikono yako haihitajiki.

Likizo ya kisasa imekwepa methali hiyo kwa fedha. Ukilipa chumba, umenunua haki ya kutopewa jembe. Asubuhi tuliwaona wanawake wa Jambiani wakishuka baharini maji yanapokupwa, kwenda kufunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoanza pwani ile mwaka 1989 na ambayo sehemu kubwa imebaki mikononi mwa wanawake. Walikuwa wameinama kama tunavyoinama sisi kwenye palizi ya mpunga. Nilijua mgongo ule. Lakini tulikuwa wageni waliolipa, tukapita na kandambili zetu mkononi, tukawaamkia, wakaitikia, basi. Mimi hata sikuwa nimelipa. Haki yangu ya kutoinama ilikuwa imenunuliwa na rafiki yangu. Kwa hiyo, nilimwambia jioni ile, jembe langu unalo wewe.

“Wewe na methali zako,” akasema. Lakini aliuliza: “Kama hutaki nisamehe, na huwezi kulipa, unataka nini hasa?”

Ni swali la kihasibu, na ni zuri. Deni kwenye daftari lina njia mbili: linalipwa au linafutwa. Mimi nilikuwa naomba njia ya tatu, na ilibidi nioneshe kwamba ipo.

Ipo, na tunaiishi. Sisi Watanzania tunajua kuhesabu vizuri tukitaka. Angalia kikoba chochote: hisa zimeandikwa, faini ya kuchelewa imeandikwa, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mwisho wa mwaka kila senti inagawiwa, na neno tunalotumia ni lile lile tunalotumia kwa uchumba uliokufa: kikoba kinavunjwa. Baada ya hapo wanachama wanaamua kama wataanza upya. Hesabu ikifungwa sawasawa, hakuna anayemdai mwenzake, na hakuna kinachomzuia kuondoka.

Sasa angalia bakuli. Jirani akikuletea futari, au mboga, au kipande cha samaki ndani ya bakuli lake, hurudishi bakuli tupu. Hurudishi siku ile ile pia. Unasubiri mpaka uwe na kitu, unaweka, unalirudisha, na sasa bakuli lako ndilo linaloweza kwenda. Hakuna anayepima. David Graeber, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya historia ya deni, anasimulia jambo ambalo mwanaanthropolojia Laura Bohannan alilikuta kwa Wativ wa Nigeria: majirani walimletea zawadi ndogo ndogo, na akafundishwa kwamba arudishe kitu chenye thamani iliyozidi kidogo au iliyopungua kidogo, lakini kamwe isiwe sawasawa. Kurudisha sawasawa ni kusema: sikuhitaji tena, tumemalizana. Mwanamke yeyote wa Ifakara angemwelewa bila mkalimani.

Hiyo ndiyo njia ya tatu. Deni linakubaliwa, linatajwa, na linaachwa wazi. Halisamehewi, kwa sababu kusamehe ni kulifunga kutoka juu. Halilipwi sawasawa, kwa sababu hiyo pia ni kulifunga. Linaachwa lizunguke, kila mara likiwa limeegemea upande mmoja, na kule kuegemea ndiko kunakowafanya watu wawili waendelee kutafutana.

Rafiki yangu alinisikiliza akiwa amelala chali chini ya feni. Taa ilikuwa inawaka, tulisahau kuizima. Akasema kwamba kwa mantiki hiyo Zanzibar nzima inatudai au tunaidai, maana hatujui hata umeme huu umetoka wapi. Alikuwa anatania, lakini tunajua. Unguja inapata umeme wake mwingi kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, mwingine mkubwa zaidi ukazinduliwa mwaka 2013. Na umeme wa bara, sehemu yake, ni maji ya kwetu. Mtambo wa Kidatu, megawati 204, uko kwenye mdomo wa bonde letu. Mtambo wa Kihansi, megawati 180, uko upande wa Mlimba. Mto Kilombero wenyewe ndio tawi linaloleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere. Mvua inayonyesha juu ya Udzungwa, inayofurika mashambani kwetu mwezi wa nne, huenda ndiyo iliyokuwa inazungusha ile feni.

Na kabla hatujajivuna, kuna chura. Maji ya Kihansi yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yalipungua, na vyura wadogo wa manjano ambao hawakuwa wanaishi mahali pengine popote duniani walianza kwisha. Mwaka 2000 mamia kadhaa walichukuliwa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena. Kuanzia mwaka 2012 kizazi cha wale waliopelekwa ng'ambo kimekuwa kikirudishwa Kihansi. Nani anamdai nani hapo? Taa ya Jambiani inamdai chura wa Mlimba. Mkulima wa Minepa anaudai mji wa Unguja, na anaidai misitu ya Udzungwa ambayo hakuipanda. Mtu akisema hadaiwi na yeyote, ninachokiona ni mtu aliyeacha kuuliza umeme unatoka wapi. Sifuri tunayoitafuta kwenye daftari la marafiki haipo popote duniani. Kwa nini tuilazimishe iwepo kati ya watu wawili wanaopendana?

Lakini hapa lazima nisimame, kwa sababu njia ya tatu ina hatari yake, na bonde letu linaijua hatari hiyo kuliko watu wengi. Deni lililoachwa wazi linaweza kuwa kamba ya shingo.

Mwezi wa pili, mpunga ukiwa kijani, chakula cha mwaka jana kimekwisha na palizi inataka fedha. Hapo huja mtu mwenye fedha. Ni mpole, anawajua watoto wako kwa majina, anakuita rafiki. Anakupa shilingi leo, utamlipa kwa magunia wakati wa mavuno. Bei ya gunia mnakubaliana leo, wewe ukiwa na njaa. Ukifika mwezi wa sita, gunia lenyewe linakuja na lumbesa, limeshindiliwa na kuvikwa kofia juu, na anayepima ni yeye. Unavuna, unalipa, ghala linabaki jeupe, na mwezi wa pili unaofuata unamtafuta tena. Hilo nalo ni deni lisilofungwa. Nalo linazunguka. Wala si la bara tu: wale wanawake wa mwani, kwa miaka mingi wengi wao walipewa kamba na vigingi na mnunuzi, na aliyepewa kamba aliuza kwa aliyempa, kwa bei ya aliyempa.

Kwa hiyo haitoshi kusema deni wazi ni zuri. Lazima tuulize ni deni gani. Naona tofauti moja inayobeba zote: je, anayedaiwa anaweza naye kuwa mtoaji, kwa kipimo ambacho si cha anayemdai peke yake? Bakuli la jirani halina lumbesa. Mimi ndiye ninayeamua niweke nini na lini. Siku nikiwa sina, halirudi, na hakuna anayenijia mlangoni. Deni la mwenye fedha wa mwezi wa pili lina mtoaji mmoja tu milele, hata kama gunia linatoka kwangu.

Kuna hatari nyingine, laini zaidi, na mwanafalsafa mkubwa karibu atuingize humo. Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, alitenga vitabu viwili kati ya kumi kwa urafiki. Aliona kwamba marafiki wasiolingana wanaweza kusawazishwa: mwenye uwezo mkubwa anatoa faida zaidi, na mwenzake anamrudishia heshima na upendo zaidi. Inaonekana haki. Lakini ijaribu kwa vijana wa leo. Mwenye fedha analipa meza. Asiye nazo analipa kwa sifa, kwa kucheka kabla utani haujaisha, kwa kuandika “boss wangu” chini ya kila picha. Tuna neno la mtu huyo. Anaitwa chawa. Chawa amelipa deni lake kwa heshima, kama kitabu kilivyosema, na amebaki bila urafiki. Heshima haitoshi kuwa sarafu, kwa sababu anayelipa kwa heshima anatoa sehemu ya kimo chake, na siku ikiisha ni mfupi zaidi.

Aristotle yuko sahihi zaidi mahali pengine. Anauliza kwa nini aliyetenda wema humpenda aliyetendewa kuliko aliyetendewa anavyompenda mtenda wema. Watu wengi, anasema, hudhani ni kama mdai anayemtakia mdaiwa wake uzima ili alipwe. Yeye anakataa. Anasema mtenda wema ni kama fundi: anapenda kazi ya mikono yake, kwa sababu ndani yake amejiona. Nikiyasoma hayo ninaelewa kwa nini rafiki yangu alikuwa na furaha Jambiani kuliko mimi. Kutoa kulikuwa kunampa kitu. Na kama kutoa ni jambo jema kiasi hicho, basi anayetoa kila mara na kukataa kupewa anajilimbikizia sehemu nzuri ya urafiki. Usawa ninaoutafuta ni huo: siombi tuwe na fedha sawa, naomba tupeane zamu ya kuwa fundi.

Siku ya kuondoka, wakati tunafunga mabegi, mama mwenye nyumba alikuja na kikapu changu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba wanangu. Ndani ya kikapu kulikuwa na nazi mbili, ndimu, na vipande vitatu vya sabuni ya mwani vilivyofungwa kwenye karatasi. Chumba chake kilikuwa kimelipiwa. Upande huo tulikuwa tumemalizana, na risiti ilikuwepo. Mchele haukuwa kwenye risiti. “Kikapu cha watu hakirudi kitupu,” alisema, kama mtu anayeeleza saa ngapi boti inaondoka. Rafiki yangu alinitazama. Hakusema kitu. Alichukua sabuni moja akainusa, akairudisha ndani ya kikapu, akakibeba yeye mpaka kwenye gari.

Kwenye boti, Unguja ilipokuwa imebaki mstari, aliniambia jumla. Aliisema polepole, mpaka shilingi ya mwisho. Hakuwa amesahau hata kidogo. Nilimwambia asante. Tangu hapo sijawahi kumtumia hata senti ya deni lile, na hajawahi kuliulizia, na wote wawili tunalijua kiasi chake.

Mwezi wa sita uliofuata alichukua likizo ya siku 5 akaja Ifakara. Siku mbili za kwanza alikula kwa mama na kulala. Siku ya tatu tulivuka mto kwa daraja, lile lililofunguliwa mwaka 2018 na kuzika habari za kusubiri pantoni, tukaenda shambani Minepa. Huko msimu wa mavuno watu huhamia. Unalala kwenye kibanda cha nyasi na chandarua, na mji unausahau. Sehemu ya mpunga wangu ilikuwa tayari kwa mundu, na sehemu iliyochelewa kupandwa ilikuwa bado inaamiwa. Nilimpeleka kwenye dungu, nikamkabidhi debe la kugonga na rundo la udongo wa kurusha, nikamwonesha kwelea wanatokea upande gani.

Alikaa juu pale mpaka jua linazama, sauti ikamkauka. Siku ya nne alishika mundu. Alikata vibaya, akaelekezwa na mtoto wa jirani mwenye miaka 12, akakata vizuri kidogo. Usiku tulikaa nje ya kibanda tukisikia viboko mbali mtoni, na hatukuzungumzia Jambiani. Siku mbili za mwisho zilikuwa zimefika tena, lakini safari hii hakuna aliyeangalia salio. Aliuliza tu kama mwaka kesho nitapanda mbegu ile ile, na kama ekari ya upande wa chini huwa inakwenda na maji kila mwaka. Ni maswali ya mtu ambaye ana kitu chake pale.

Sidai kwamba njia hii inatibu tofauti za kipato. Mshahara wake bado unaingia kila mwezi na mimi bado naomba mvua. Mwaka ambao mafuriko yatachukua shamba lote, bakuli langu litakaa kabatini muda mrefu, na itabidi yeye awe na uvumilivu wa kutolifuta deni, hata pale moyo wake utakapomsukuma anifutie. Huo ni uvumilivu mgumu. Kumsamehe mtu ni rahisi kuliko kuendelea kumngoja, kwa sababu kumngoja ni kuamini kwamba ana kitu cha kuja nacho.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilimsindikiza mpaka kwenye basi. Mama alikuwa amemjazia mchele mpya kwenye ndoo yake ya mfuniko, ile nzuri anayowekea unga. “Kilo ngapi hizi?” rafiki yangu aliuliza. Nilimwambia hatukupima. Kondakta akaipandisha ndoo, basi likaondoka kuelekea Kidatu.

Ndoo bado iko Dar es Salaam. Mama ameshaiulizia mara mbili. Nimemwambia asinunue nyingine.